Mama yangu alifariki akiwa Mkristo: je, naweza kwenda kwenye kaburi lake tarehe 1 Agosti?

Assalaam alaykum warahmatullah, Shehe.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaaji wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Nilizaliwa katika nyumba ya Kikatoliki, nikasilimu miaka kumi na moja iliyopita. Ndugu zangu husema hadi leo kwamba niligeuka kwa sababu ya mume, lakini mama yangu hakuwahi kunitupia neno hilo. Alipokuja kukaa kwetu mwezi wa Ramadhani hakula mbele yangu mchana, si kwamba alifunga, bali alinionea haya, na jioni ndiye aliyeshika mwiko akasonga bukari (ugali) ili mimi nipate kupumzika. Alifariki mwaka jana, mwezi wa pili, mvua zikiwa kali, akiwa bado katika dini yake, na akazikwa katika makaburi ya watu wote, si yale ya Waislamu.

Nilikuwapo kwenye kilio siku zote. Wakati wa misa nilibaki nje chini ya turubai pamoja na wanawake waliokuwa wakipika, na makaburini nilisimama nyuma ya watu. Siku hiyo hakuna aliyenisema. Matatizo yalianza ilipokaribia tarehe 1 Agosti. Unajua siku hiyo ilivyo katika nchi yetu: ni sikukuu ya wazazi, walio hai na waliokufa. Asubuhi watu wanakwenda makaburini na majembe, mafagio na chokaa, wanakata nyasi, wanapaka rangi misalaba, wanaweka maua, kisha mchana wanarudi nyumbani kuwasherehekea wazazi walio hai. Mume wangu alinikataza kwenda. Alisema kwanza kwamba Mtume amewalaani wanawake wanaozuru makaburi. Pili, alinisomea aya ya Sura At-Tawba inayokataza kusimama kwenye kaburi la asiyeamini. Tatu, alisema kwamba siku yenyewe si ya Waislamu. Nilitii, nikabaki nyumbani nikifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Jioni yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alinipigia simu akasema, "Mama alikulea, leo dini yako imekufundisha kumwacha porini." Sijalisahau neno hilo.

Mwaka huu mambo yamekuwa mazito zaidi. Ndugu zangu wanachanga fedha ili kaburi lijengwe kwa saruji, liwekewe karo, yaani vigae, na msalaba mkubwa wenye picha ya mama. Fungu la kila mtoto ni dola hamsini. Mjomba wetu amesema kwamba siku hiyo atamwaga pombe kaburini na kumwomba mama aubariki ukoo, na kwamba watoto wote lazima wawepo. Nami kuna jambo linalonichanganya: kila Idi mume wangu hutupeleka sote, wake kwa waume, kwenye kaburi la marehemu baba yake, na pale hakuna anayenikumbusha laana.

Naomba uniambie, Shehe, kama ninaweza kumtembelea mama yangu, kama ninaweza kutoa fungu langu, na kama watoto wangu wanaweza kwenda kuona mahali alipolala bibi yao. Na hili ninaliuliza kwa hofu: usiku nikimwota mama, huamka nikimwomba Mungu amsamehe, kisha hushikwa na woga kwamba nimekosa. Je, nimekosa?

Mama wa Katuba

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Nakupa pole kwa msiba wako, ambao naona bado haujapoa. Na kabla ya lolote nakujibu swali kuu: ndiyo, inajuzu kulizuru kaburi la mama yako, ijapokuwa alifariki nje ya Uislamu. Jibu hili silitoi kwa kukuonea huruma, limo katika hadithi sahihi aliyoipokea Abu Huraira na kuipokea Imam Muslim katika kitabu chake, nayo inamhusu Mtume mwenyewe (s.a.w.) na mama yake mwenyewe.

Bibi Amina alifariki Abwa, katika njia iliyo baina ya Makka na Madina, Mtume akiwa mtoto wa miaka sita. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari Mtume na kiongozi wa umma, alilizuru kaburi lile, akalia, na wote waliokuwa karibu naye wakalia kwa kilio chake. Kisha akawaeleza kwamba alimwomba Mola wake ruhusa ya kumwombea mama yake msamaha, hakuruhusiwa. Akaomba ruhusa ya kulizuru kaburi lake, akaruhusiwa. Akawaambia, basi yazuruni makaburi, kwani yanakumbusha mauti. Wanazuoni wamesema mengi juu ya hali ya wazazi wa Mtume, nami siingii humo, kwa kuwa swali lako halihitaji niingie. Linalohitajika kwako liko wazi katika maneno yenyewe: mambo mawili yaliombwa, moja likazuiwa na jingine likaruhusiwa. Kumwombea msamaha ni jambo moja na kuzuru ni jambo jingine, na sehemu kubwa ya ugomvi ulioingia nyumbani kwako imetokana na watu kuyafunga mambo haya mawili kamba moja.

Tuje kwenye aya aliyokusomea mume wako. Ni aya ya 84 ya Sura At-Tawba, na ni kweli kwamba inamkataza Mtume kumswalia yeyote miongoni mwao akifa na kusimama kwenye kaburi lake. Lakini "wao" hao ni akina nani? Ni wanafiki wa Madina, na aya iliteremka kuhusiana na maziko ya Abdallah bin Ubayy, mkuu wao. Na kusimama kaburini kulikokatazwa hapo, wafasiri wamekufahamu kuwa ni kule kusimama baada ya kuzika ili kumwombea maiti msamaha na uthabiti, kama alivyokuwa akifanya Mtume kwa Waislamu. Mtu anayesimama mbele ya kaburi la mama yake akikumbuka kifo na kufuta machozi hafanyi ibada ile. Kama kusimama kwa namna yoyote kungekuwa haramu, ile ruhusa aliyopewa Mtume kwa kaburi la mama yake isingekuwa na maana.

Hoja ya laana inahitaji utulivu zaidi, kwa sababu hadithi ipo na mume wako hakuibuni. Tirmidhi ameipokea kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) aliwalaani wanawake wazuruo makaburi, na neno la Kiarabu lililotumika, *zawwarat*, lina maana ya wale wanaokithirisha kuzuru. Huyo huyo Tirmidhi, baada ya kuitaja hadithi hiyo, anaeleza kwamba baadhi ya wanazuoni waliona kuwa katazo hilo lilikuwa kabla ya Mtume kuruhusu kuzuru, na alipotoa ruhusa, waliingia ndani yake wanaume na wanawake pamoja. Bibi Aisha (r.a.) alilizuru kaburi la ndugu yake Abdurrahman, aliyezikwa Makka. Pia yumo katika Sahihi Muslim akimuuliza Mtume aseme nini awazurupo wafu, naye akamfundisha maneno ya salamu. Kama kuzuru kungekuwa marufuku kwake, angemfundisha ya nini? Ipo pia hadithi ya Anas kwa Bukhari na Muslim ya mwanamke aliyekuwa akilia kaburini: Mtume alipita, akamwambia amche Mungu na asubiri. Alimkemea kwa kukosa subira, hakumfukuza makaburini.

Kwa ajili ya hayo, wengi katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo wengi wetu huku mashariki na kusini mwa Kongo tumeyarithi, wamesema kwamba kuzuru kwa mwanamke ni karaha isiyofikia haramu, kwa kuhofia kilio cha kupiga mayowe na kukosa subira. Na wengine wao wamesema hakuna karaha ikiwa hayo yamesalimika. Wako pia wanazuoni wa madhehebu mengine waliokataza kabisa, na mume wako akiwafuata hao hatumwiti mjinga. Ila hapo ndipo lile swali lako la Idi linapouma. Anayeshika kauli ya kukataza na aishike kwenye kaburi la baba yake kama anavyoishika kwenye kaburi la mama yako. Ikiwa laana inawahusu wanawake wote wazuruo, basi haichagui siku wala haiulizi aliyezikwa ni mkwe au ni mzazi. Nayasema haya bila kumkejeli. Wengi wetu tunayo mizani mbili bila kujijua, mmoja wa upande wa ukoo wetu na mmoja wa upande wa wakwe.

Pamoja na hayo, usiende kwa siri. Mwonyeshe barua hii, umpe muda wa kuisoma peke yake, na mkae mzungumze jioni, watoto wakiwa wamelala. Naona ni mtu anayeiogopa dini yake. Mtu wa namna hiyo akiletewa hadithi ya Mtume kwenye kaburi la mama yake, ni vigumu aipite kama hakuiona. Na mkumbushe pia aya ya 15 ya Sura Luqman, inayomwamuru mtoto asiwatii wazazi wanapomshurutisha kumshirikisha Mungu, na papo hapo ikamwamuru akae nao kwa wema duniani. Asma binti Abubakar alipojiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, alimuuliza Mtume kama amuunge, akajibiwa ndiyo, muunge mama yako. Mama yako wewe alikusongea bukari ya kufuturu. Mwenye kukuambia kwamba Uislamu umekutaka umtupe porini hakuujua, awe yaya yako au awe mtu wa msikitini.

Sasa nikujibu lile uliloliuliza kwa hofu. Aya ya 113 ya Sura At-Tawba inasema kwamba haimfalii Nabii wala walioamini kuwaombea msamaha washirikina, hata wakiwa jamaa wa karibu, baada ya kubainika hali yao, na wanazuoni wamekubaliana kwamba aliyefariki nje ya Uislamu haombewi msamaha wala rehema ya Akhera. Sitaipindisha hukumu hiyo ili upate usingizi. Lakini usiishie kwenye aya ya 113. Soma na mbili zinazofuata. Ya 114 inamtaja Nabii Ibrahim, aliyemwombea baba yake kwa ahadi aliyompa mpaka mambo yalipombainikia, na mwisho wa aya Mwenyezi Mungu hamlaumu, bali anamsifu kwa huruma na uvumilivu. Ya 115 inasema kwamba Mwenyezi Mungu hawahesabu watu kuwa wamepotea, baada ya kuwaongoza, mpaka awabainishie wanachopaswa kukiepuka. Na wafasiri wameeleza kwamba inawahusu waliokuwa wakiwaombea jamaa zao kabla ya katazo kuwafikia. Basi dua ulizoziomba usiku, nusu usingizini, bila kujua, hazina dhambi juu yako inshallah. Tangu leo, ukiamka kutoka katika ndoto hiyo, jiombee mwenyewe subira, waombee wanao, na mambo ya mama yako mwachie Mola wake, ambaye ni mwadilifu kuliko mimi na wewe na anayejua yaliyokuwa moyoni mwake dakika ya mwisho. Sisi tunahukumu kwa yaliyo dhahiri. Hatujapewa kazi ya kumtaja mtu kwa jina lake na kumpangia mahali pake huko. Wako watu wanaopenda kufanya hivyo mbele ya wafiwa, na nashangaa wanapata faida gani.

Ukifika kaburini, basi, utafanya nini? Zile salamu tunazowatolea watu wa makaburini, "Assalaamu alaykum ahlad-diyari minal-mu'minina wal-muslimin", kama maneno yake yanavyosema, ni za Waumini na Waislamu. Uziseme unapokwenda kwa baba mkwe wako. Kwa mama yako simama kimya, ukumbuke kwamba na wewe utalala chini, na machozi yakitoka yaache yatoke, mradi usipige mayowe wala kujipiga kifua. Palilia, zoa takataka, sawazisha udongo uliobebwa na mvua. Hayo ni heshima kwa mwili wa mwanadamu, na heshima hiyo Mtume aliionyesha hata kwa asiye Mwislamu: jeneza la Myahudi lilipopita alisimama, na alipoambiwa ni la Myahudi akauliza, kwani si nafsi? Na Abu Talib, ami yake Mtume ambaye hakusilimu, alipofariki, Ali aliamriwa na Mtume aende akamzike baba yake. Mikono iliyoruhusiwa kumfukia mzazi haiwezi kukatazwa kumng'olea nyasi.

Kuhusu siku yenyewe, nina maoni ambayo huenda yakaonekana ya katikati mno kwa baadhi ya wasomaji. Waislamu tuna Idi mbili, na tarehe 1 Agosti si mojawapo. Hata hivyo, siku hiyo kwetu ni mapumziko yaliyowekwa na serikali kwa ajili ya wazazi, haikuwekwa kanisani, na anayekwenda kwa kuwa ndiyo siku ambayo ndugu zake wote hawako kazini hafanyi ibada ya wengine. Kinachoharibu ni yale yanayoambatana nayo. Ningekuwa mimi ndiye kaka yako ningekushauri uende siku moja au mbili kabla, na jembe lako, pamoja na yaya yako akikubali, mfanye kazi nzito ya kukata nyasi wakati makaburi bado ni matupu. Ndugu watakapofika tarehe 1 watakuta pameshasafishwa na watajua ni nani aliyepasafisha. Mkikosa siku nyingine, nenda asubuhi hiyo hiyo kwenye kazi ya majembe, na katekista atakapoanza sala, au mjomba atakapofungua chupa, rudi nyuma kwa adabu kama ulivyofanya siku ya maziko.

Kwa mjomba siwezi kulegeza. Kumwaga pombe kaburini na kumwomba marehemu aubariki ukoo ni kumwomba kiumbe kile ambacho hutoka kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na Mwislamu hashiriki, hasemi amina, wala hashiki chupa. Mwendee kabla ya siku hiyo, umsalimie kwa heshima zote anazostahili mjomba, umwambie kwamba utakuwepo kwa ajili ya mama lakini hutakuwepo kwa ajili ya pombe. Huenda akakasirika. Afadhali akasirike wiki moja kabla, nyumbani kwake, kuliko mbele ya kaburi na watu wanatazama. Na nisije nikaonekana nawasema wa upande mmoja: nimewaona Waislamu, na vilemba vyao, wakichota udongo wa kaburi la shehe fulani wakaufunga katika kitambaa wakapeleke kwa mgonjwa, na wengine wakimwomba shehe huyo awape mtoto. Tofauti ya jambo hilo na la mjomba wako ni kwamba hawa hawana chupa.

Kuhusu dola hamsini. Jabir (r.a.) amepokea, na hadithi imo katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Imam Shafi'i ameandika kwamba aliwaona watawala wa Makka wakibomoa yaliyojengwa juu ya makaburi na hakuwaona wanazuoni wakilipinga jambo hilo, na Imam Nawawi ameeleza kwamba katika makaburi ya watu wote, yasiyo mali ya mtu, kujenga ni haramu kwa sababu kunawabania nafasi wengine. Yeyote aliyekwenda makaburini katika miji yetu ameona jinsi familia moja inavyochukua mahali pa maiti watatu kwa ajili ya ukuta na paa la bati. Ndugu zako si Waislamu na hutawahukumu kwa Nawawi, ila fungu lako usilitie katika saruji, karo na msalaba.

Lakini usiwaambie tu kwamba hutoi ukanyamaza, maana hapo watasema umeona njia ya kuponyoka. Toa dola hamsini zile zile, hata zikizidi kidogo, kwa jambo la mama unaloweza kulitetea mbele ya dini yako. Uliza kama aliacha deni. Wanawake wa umri wake wengi huwa katika likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, na mtu akifa katikati ya mzunguko, wenzake huona haya kudai; kulipa haki za watu ni jambo ambalo hakuna dini inayolikataa, na kama deni lipo, hilo lina haki kuliko karo zote. Kama hakuna deni, kuna wajukuu wanaohitaji karo ya shule, ile karo nyingine. Kuna pia rafiki zake. Ibn Umar alimkuta njiani Bedui mmoja ambaye baba yake alikuwa rafiki wa Umar, baba yake Ibn Umar, akampa punda aliyekuwa amempanda na kilemba alichokuwa amekivaa, akieleza kwamba alimsikia Mtume akisema kuwa wema bora ni mtoto kuwaunga wapenzi wa baba yake. Kama yupo mama mmoja aliyekaa na mama yako sokoni miaka mingi, mpelekee unga na mafuta.

Nikuonye tu kwamba usiifanye hiyo kuwa sadaka unayomkusudia marehemu thawabu. Amr bin al-As alimuuliza Mtume juu ya wasia wa baba yake, aliyefariki kabla ya kusilimu, na jibu lilikuwa kwamba lau angekuwa Mwislamu, sadaka na hija mnayomfanyia ingemfikia. Wema kwa marafiki wa mama yako ni wema wako wewe, na thawabu ni yako. Mama anabaki kuwa sababu yake.

Alama ya kaburi, hata hivyo, usiipuuze, na hata ukitaka kulipia jiwe lisilo na msalaba sioni tatizo. Alipozikwa Uthman bin Madh'un, Mtume alibeba jiwe kwa mikono yake akaliweka upande wa kichwa, ili alitambue kaburi la ndugu yake. Bibi yangu mzaa mama alizikwa Kasongo, Maniema, chini ya mwembe ambao watu walinihakikishia kwamba upo. Nilipofika nikiwa mtu mzima mwembe haukuwapo tena, na mzee aliyenisindikiza alinionyesha shamba zima la mihogo kwa mkono mmoja. Nililisalimia shamba lote. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa mvua misimu mitatu, kichuguu cha kaburi hulingana na ardhi, na baada ya hapo mtu mwingine huzikwa juu yake au nyumba hujengwa. Jiwe moja zito, na kaburi lililoinuliwa kiasi cha shibiri, vinatosha kumkinga.

Wanao wapeleke. Mtoto aliyelelewa mgongoni mwa bibi yake ana haki ya kujua alipolala, na atakapouliza kwa nini hamsomi Fatiha hapa kama mnavyosoma kwa babu, mjibu kwa kadiri ya umri wake kwamba bibi alikuwa na dini nyingine, na kwamba tunampenda na tunamtunzia mahali pake. Wafundishe njiani wasipite juu ya makaburi wala wasikae juu yake, ya Waislamu au ya wengine; Mtume amesema kwamba mtu kukalia kaa la moto likaunguza nguo yake mpaka likafika kwenye ngozi ni afadhali kuliko kukalia kaburi. Mwezi wa Agosti nyasi ni kavu na watu huchoma ovyo huko makaburini, kwa hiyo mtoke mapema, kabla upepo haujaanza, na mdogo umbebe.

Mume wako akiwa bado na swali baada ya kusoma, aje aniulize baada ya swala ya Alasiri. Nitampokea kama ndugu. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.